Gauni Lisilo na Mvaaji

Nchi hii si yetu. Naanza na hilo ili asije mtu akakunja uso. Kwetu mambo yanakwenda vizuri, kila mtu anajua, na asiyejua atajulishwa. Nchi ninayoisimulia iko ng'ambo ya milima ambayo wachora ramani waliisahau, na watu wake hawana nafasi ya kusoma hadithi, maana mikono yao imeshikwa na kazi ya kupiga makofi.

Kiongozi wa nchi hiyo, aitwaye Baba Mtukufu, alikuwa na binti mmoja. Binti alipofikia kuolewa alitafutiwa jenerali mwenye nishani nyingi kifuani, hata akitembea alisikika kama kreti za soda garini. Siku ya arusi binti akavishwa gauni jeupe la hariri, mkia wake ukabebwa na mawaziri. Wageni walipoinamia pilau, binti akaukusanya mkia kwapani, akatokea mlango wa jikoni, akaondoka na mpiga tarumbeta wa bendi ya polisi. Mpaka leo hawajaonekana, ingawa tarumbeta ilirudishwa kwa posta, imesuguliwa inang'aa.

Baba Mtukufu hakulia. Aliunda tume. Tume ikazunguka dunia, ikakaa hoteli nzuri nzuri, ikarudi na ripoti iliyosema kwamba binti hana kosa, jenerali hana kosa, na Baba Mtukufu, Mungu apishie mbali, hana kosa. Kosa ni la gauni. Bibi arusi mwenye hulka ya upepo alivishwa mtindo wa mtu mtulivu, na nguo ikashindwa kumzuia. Tume ikapendekeza kwamba kuanzia hapo kila bibi arusi avae mtindo unaolingana na hulka yake, na kwa kuwa mtu hawezi kuaminiwa kuijua hulka yake mwenyewe, kazi hiyo ifanywe na Serikali.

Ndipo ilipozaliwa Wizara ya Arusi, Hulka na Utulivu. Waziri wake alizindua mitindo minne uwanja wa mpira, mbele ya wanafunzi waliokuwa wamesimama juani tangu asubuhi.

"Mwanamke ni siri," alisema Waziri, "na gauni ni tangazo. Serikali yoyote makini haiwezi kuruhusu siri zitembee barabarani bila tangazo."

Makofi yalipigwa mpaka njiwa wa uwanja wakahama.

Mtindo wa kwanza ulikuwa wa Mchangamfu, wenye mafundo ya utepe na shanga, nao ulistahiliwa na mabinti wa wakubwa peke yao, kwa sababu hao ndio waliokuwa na sababu ya kuchangamka. Wa pili ulikuwa wa Mpole: mweupe, kola mpaka kidevuni, ili mdomo ukifunguka uikute nguo. Wa tatu, wa Mnyenyekevu, ulibana kuanzia kifuani hadi magotini ili mvaaji apige hatua ndogo na apumue kwa adabu. Wa nne ulikuwa wa Mkaidi. Huo ulishonwa kwa turubai la kijivu, mikono yake miwili imeunganishwa kwa mbele kama mfuko wa mto. Lilishonwa gauni moja tu la mfano, likawekwa kwenye kabati la kioo pale Wizarani, na picha yake ikabandikwa kila ofisi ya wilaya ili mabinti waione kabla ya kupimwa.

Hulka ukishavishwa ni yako mpaka kaburini. Mpole akipaza sauti baada ya arusi anashitakiwa kwa kosa la kughushi hulka, na gereza lake liko tayari. Mkaidi haruhusiwi kufanya kazi yoyote ya kugusa watu, na mumewe haruhusiwi kula mshahara wa Serikali, kwa kuwa wataalamu waligundua kwamba ukaidi huambukiza kupitia foronya.

Haishangazi, basi, kwamba miaka ikapita bila kupatikana mkaidi hata mmoja. Mabinti wote waliopimwa walikuwa wapole au wanyenyekevu. Nchi za jirani zikaduwaa. Waziri akasafiri kwenda kupokea zawadi za utulivu, akarudi, akasafiri tena.

Mambo yalikuwa hivyo, matamu kabisa, mpaka Sikudhani alipotaka kuolewa.

Sikudhani binti Hamadi alikuwa mkunga katika mji mdogo wa wachoma chokaa, mji ambao hata kuku wake ni weupe kwa vumbi. Alikuwa na sauti. Sisemi sauti nzuri. Nasema sauti, kama mtu anavyosema nyundo. Wodini kwake sauti ile ilikuwa kifaa cha kazi: ilimwamsha mama aliyekata tamaa, ilimfukuza mume aliyekuja na maswali, ilimfanya daktari aliyelewa akumbuke njia ya kurudi nyumbani. Watoto wengi wa mji ule, neno la kwanza walilolisikia duniani lilikuwa Sikudhani akimwambia mtu asogee.

Mchumba wake, Mbaruku, alikuwa karani wa Idara ya Vipimo, kijana msafi anayetembea kando ya barabara hata barabara ikiwa tupu. Alimpenda Sikudhani siku aliyomkaripia kwa kuegesha baiskeli mlangoni pa wodi. Aliwaambia rafiki zake kwamba hajawahi kusikia mtu akiwa na hakika ya jambo kiasi kile. Sasa posa imepokelewa, siku imepangwa, imebaki kupimwa hulka, na Mbaruku hapati usingizi.

Alikwenda kwa Bi Mwanaesha, shangazi yake Sikudhani, akamsihi amfundishe mwanawe kunyamaza. Shangazi hakuhitaji kusihiwa. Alikuwa ameanza tangu posa iliponong'onwa. Alimkalisha Sikudhani kwenye kigoda uani, akamtia maji mdomoni, kisha akawaita majirani wapite mmoja mmoja wakimtukana. Sharti maji yasimwagike wala yasimezwe. Majirani, ambao wengi wao walikuwa wamewahi kukaripiwa wodini, walifanya kazi hiyo kwa moyo wote. Sikudhani aliyameza maji kwa tusi la kwanza, akamjibu jirani, akaomba maji mengine.

"Mwanangu," shangazi akamwambia, "ukimya ni kitunguu. Unatoa machozi, lakini mchuzi unanoga."

"Na mchuzi anaula nani, shangazi?"

Bi Mwanaesha akamjazia maji mdomo kwa nguvu.

Lakini Sikudhani hakuwa mjinga. Alijua akiitwa mkaidi hatagusa tena kichwa cha mtoto anayezaliwa, na Mbaruku atapoteza kazi ambayo ndiyo inayomlisha mama yake. Kwa hiyo alijifunza. Alijifunza kama mtu anayejifunza kutembea kwa mguu mmoja, na kufikia siku ya kupimwa aliweza kukaa na maji mdomoni tangu chai ya asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri, macho yakimwiva.

Ofisi ya Hulka ya Wilaya iliongozwa na Bwana Chumu, mtu mwenye tai ndefu na subira fupi. Alikaa katikati, wajumbe wawili kando yake. Walimletea Sikudhani chai iliyotiwa chumvi, wakamuuliza ikoje. Akasema anashukuru. Wakamwambia kwamba marehemu bibi yake alikuwa mwizi wa kuku, na uchunguzi umethibitisha. Akainamisha macho. Mmoja wa wajumbe akamkanyaga mguu kwa kiatu akamwuliza kama kuna tatizo. Akasema hapana, bwana, mguu ni wa wote. Mlangoni Bi Mwanaesha alikuwa akijifuta machozi ya furaha kwa ncha ya mtandio, na Mbaruku, nyuma yake, alianza kupumua.

Ulibaki ubeti wa Wizara, ambao kila bibi arusi lazima aughani akiwa amekunja mikono:

*Gauni langu ni pole, kama mimi mwanamwali,*
*Sisemi hata kwa ndwele, wala sijui ukali,*
*Nikichomwa kwa mshale, nashukuru Serikali,*
*Nikiwekwa hapa, pale, hukaa kama kandili.*

Sikudhani alikuwa amefika kwenye mshale na Serikali wakati kishindo kiliposikika kutoka chumba cha pili.

Chumba hicho kilikuwa cha kujaribia magauni. Mlango ulikuwa wazi. Msichana mmoja aitwaye Mwanapili, binti wa msuka mikeka, alikuwa amepewa siku hiyo hulka ya unyenyekevu na kuvishwa gauni lake, na sasa alikuwa amelala sakafuni, chali, mabega yakicheza kidogo. Mama mvishaji alikuwa amesimama juu yake anatabasamu.

"Limemkaa," alisema Bwana Chumu kwa fahari, bila kuinuka. "Unyenyekevu umekamilika. Tuendelee na mshororo wa mwisho."

Wajumbe wakapiga makofi. Sikudhani hakuendelea. Alikuwa akiutazama mdomo wa Mwanapili. Ulikuwa umeanza kubadilika rangi, kwanza pembeni, kama kitambaa kinachonyonya wino. Bi Mwanaesha aliona anachokitazama, akatikisa kichwa polepole: hapana, mwanangu, hapana, mshororo mmoja tu. Mbaruku akashika fremu ya mlango. Chumba kizima kilinyamaza, na katika ukimya ule ilisikika nguo ikilia kwenye mishono, na hapakusikika pumzi.

"Mkasi," Sikudhani alisema.

Alisema chini. Hakuna aliyejongea. Bwana Chumu akagonga meza kwa kalamu akamkumbusha kuwa mshororo unaanza na nikiwekwa.

"Mkasi," alisema tena, na safari hii aliusema kama anavyousema wodini.

Watu waliokuwa sokoni wanasema waliusikia. Wauza samaki waliacha kupara. Mle ofisini Bwana Chumu alijikuta anafungua droo, anatafuta mkasi, anauleta mbio, tai ikipepea. Sikudhani alikuwa ameshapiga magoti. Alimwambia mjumbe wa kulia ashike miguu na ainyanyue. Alimwambia mjumbe wa kushoto aache kusali na afungue dirisha. Alipasua gauni la Serikali kutoka shingoni mpaka kiunoni, kitambaa kikapiga kelele kama kuku, kisha akainua macho akamkuta Chumu amemwinamia.

"Wewe mwenye tai, unamzibia hewa. Toka."

Bwana Chumu alitoka. Alipitiliza hata varanda, akaenda kusimama uani kwenye jua kali, mikono imenyooka, kama mtoto aliyechelewa shule. Mwanapili akavuta pumzi ndefu yenye mkwaruzo, akakohoa, akaanza kulia, na Sikudhani akamwambia alie tu, kulia ni pumzi.

Kisha akageuka akawaona wote wanavyomtazama. Mbaruku alikuwa amekaa chini, pale pale mlangoni, kama mzigo ulioteremshwa.

Baada ya muda Bwana Chumu aliingia. Alinyoosha tai, akaketi, akawaita Sikudhani, mchumba na shangazi. Msomaji atadhani alikuwa na hasira. Alikuwa na kitu kibaya zaidi: alikuwa na hofu. Akimtangaza Sikudhani mkaidi, atakuwa ametangaza mkaidi wa kwanza wa taifa zima, katika wilaya yake, na itabidi aeleze jinsi mkaidi huyo alivyomwamuru atoke akatoka.

"Kamati imeridhika sana," alisema. "Mpole, daraja la kwanza. Hongera."

"Nimekufukuza ofisini kwako," Sikudhani alisema.

"Hukunifukuza, binti. Niliona jua zuri, nikatoka kuota."

Bi Mwanaesha akaanza kumshukuru Mungu, Bwana Chumu na Baba Mtukufu kwa mfuatano usio sahihi. Mbaruku akanyanyuka. Mambo yalikuwa yamekwisha, tena vizuri. Kilichobaki ni Sikudhani kunyamaza.

"Sivai gauni la mpole," alisema.

Shangazi alimfinya. Alifinywa, akaendelea, bila kupaza sauti, na hilo ndilo lililomtisha Chumu.

"Nikilivaa, kesho kutwa niko wodini, mtoto amekwama, mama anazimia. Nikipaza sauti nimeghushi, mnanifunga. Nikinong'ona, nimeua. Sasa niambie, bwana, nichague lipi? Mimi umenisikia nilivyo. Tamka ulichosikia. Nipe gauni langu la turubai, mchukue na wodi yenu, lakini msinifanye nizike watu kwa adabu."

Alipomaliza alimtazama Mbaruku. Mbaruku alitazama viatu vyake. Vilikuwa viatu vizuri, vyeusi, vya Serikali.

Wakuu wakajulishwa. Waziri mwenyewe akaja na msafara mrefu kiasi kwamba gari la mwisho lilifika mjini wakati gari la kwanza limeshataka kuondoka. Alikaa kwenye kiti chake alichokuja nacho, akamwita Sikudhani, baba yake Mzee Hamadi, mchumba, na Shehe Muhidini aliyetarajiwa kufungisha ndoa. Huyu shehe alikuwa mtu wa mwili, mpenda halua, mwenye mazoea ya kusinzia wakubwa wanapohutubia.

Waziri alieleza kwa upole kwamba katika nchi hii mkaidi hayupo. Hajakatazwa. Hayupo tu, kwa kuwa takwimu zimeshachapwa na zawadi zimeshapokelewa. Gauni la kabatini halivaliki, kwani limekuwa kumbukumbu ya taifa. Kwa hiyo Sikudhani atavaa la mpole, na bibi arusi yeyote atakayetokeza mbele ya watu bila gauni aliloidhinishiwa atafungwa yeye, mume na mshenga.

Shehe Muhidini akafumbua jicho moja. Aliuliza kama sheria inasema atakayetokeza. Waziri akasema ndiyo, iliandikwa na wataalamu kutoka nchi za mbali, kwa pesa nyingi.

"Labda kwao," alisema shehe. "Kwetu ndoa inafungwa na baba na mume, hapo mkekani. Bibi arusi yuko ndani. Hatokezi. Mimi nakwenda mlangoni kumuuliza tu, basi."

Wataalamu walikuwa wameandika sheria ya bibi arusi anayetembea katikati ya watu akitazamwa, na hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba pale mjini bibi arusi hupambwa baadaye, na akipenda hapambwi kabisa. Wasaidizi wa Waziri walitazamana. Sikudhani kwa mara ya kwanza alitabasamu. Lakini mtu hafiki uwaziri kwa kushangaa muda mrefu.

"Unamwuliza nini huko mlangoni?" Waziri alisema.

"Kama amekubali."

"Na akinyamaza?"

Shehe akatamani angeendelea kusinzia. "Akinyamaza," alisema taratibu, "kimya cha mwanamwali ni ridhaa."

Waziri akapiga paja. "Basi gauni limepatikana. Kimya chake ndilo gauni lake."

Amri ikatolewa palepale. Siku ya ndoa Bwana Chumu atasimama kwenye mlango wa chumba cha bibi arusi. Sikudhani akiulizwa akanyamaza, kimya hicho kitahesabiwa kuwa ni mtindo wa mpole, amevaa, amekamilika, na hulka yake ni hiyo milele. Wodi itabaki yake, mshahara wa Mbaruku utabaki wake. Akitamka neno, hata neno la kukubali, vyote vitaondoka kabla jua halijazama. Hatakiwi kushona, hatakiwi kuvaa, hatakiwi kughani. Serikali imemrahisishia. Anatakiwa kutofanya kitu.

Siku zilizobakia watu walipita kwa Mzee Hamadi kumpongeza kwa kupata Serikali yenye huruma. Mbaruku alikuja dirishani kwa mchumba wake, baiskeli mkononi. Alimwambia kuhusu mama yake, kuhusu kodi ya nyumba, kuhusu miaka aliyosubiri ajira ile. Alimwambia hakuna anayemtaka abadilike, ni kunyamaza tu, mara moja.

"Nikinyamaza," Sikudhani alimwuliza, "hapo utakuwa umemwoa nani?"

Mbaruku aligeuka. Alisukuma baiskeli mpaka mwisho wa mtaa kabla hajakumbuka kuipanda.

Siku ya ndoa ilikuwa na joto la kuoka. Wanaume walijaa barazani kwenye mikeka, kanzu zikiwalowa mgongoni. Ndani wanawake walikaa wameshikana mikono, vigelegele vimepigwa marufuku na Bwana Chumu mpaka hulka ithibitike. Yeye mwenyewe alisimama mlangoni pa chumba, ameshika pembe ya shaba ya kusikilizia, kifaa cha Wizara, ncha moja sikioni, ncha nyingine kwenye ubao wa mlango. Barabarani magari mawili ya polisi yalikuwa yanaunguruma bila kwenda popote.

Shehe Muhidini aliingia na mashahidi. Aliketi kwenye kiti karibu na mlango, akakohoa.

"Sikudhani binti Hamadi, baba yako anataka kukuoza kwa Mbaruku bin Ameir. Umekubali?"

Kimya.

Chumu alifumba macho kama mtu anayesikiliza muziki. Shehe aliuliza mara ya pili. Ndani mtoto mchanga wa mtu akaanza kulia akazibwa na titi. Kimya kikarudi, kizito zaidi. Barazani Mzee Hamadi alikuwa ameshainamisha kichwa, na Mbaruku, mbele yake, alikuwa akijifuta viganja kwenye kanzu, akavifuta tena.

Mara ya tatu shehe aliuliza polepole sana, akiacha nafasi baina ya neno na neno, nafasi ambazo mtu angeweza kupita. Hapana aliyepita. Ndani, Sikudhani alikuwa amekaa kitandani, midomo imefungwa, mkono wa shangazi yake uko begani. Bi Mwanaesha alikuja kusimulia baadaye kwamba bega lile lilikuwa likitetemeka kama sufuria inayokaribia kuchemka.

Bwana Chumu alishusha pembe. Uso wake uliwaka. Alisema imetosha, imesikika wazi kwamba hakuna kilichosikika, na bibi arusi ni mpole kwa mujibu wa sheria. Aligeuka kwenda kuwapa polisi ishara ya ushindi.

"Bado," alisema Shehe Muhidini.

"Amenyamaza mara tatu."

"Ridhaa nimeipata. Sasa mahari." Shehe alijifuta jasho la shingo. "Mahari ni yake, anayataja mwenyewe. Na hilo, bwana, kimya hakilijibu."

Chumu alifungua mdomo. Hakuwa na maagizo. Wataalamu kutoka nchi za mbali hawakuandika kitu kuhusu hilo, na Waziri alikuwa safarini kupokea zawadi. Wakati anatafuta la kusema, shehe alikuwa ameshauinamia mlango.

"Binti yangu, unataka mahari gani?"

Mkono wa shangazi ulikaza begani. Kisha, Bi Mwanaesha mwenyewe hajui kwa nini, ukalegea.

"Gauni la mkaidi," alisema Sikudhani. "Lile la kabati la kioo. Silipokei lingine."

Hakupiga kelele. Alitumia tu sauti yake, yote. Ilipita mlango, ikapita pembe ya shaba iliyoanguka ikazunguka sakafuni, ikafika barazani, ikafika barabarani ambapo dereva wa polisi alizima injini asikie vizuri.

"Hajasema kitu," Bwana Chumu alitangaza. Alikimbia barazani akawaambia wanaume wote hajasema kitu. Wanaume walimtazama kwa huruma, kama watu wanavyomtazama mtu aliyelowa akakana mvua.

Shehe alirudi mkekani taratibu, akaketi, akaupeleka mkono wa Mbaruku kwenye mkono wa Mzee Hamadi. Mzee alitamka: nimekuoza binti yangu Sikudhani, kwa mahari ya gauni la mkaidi. Sasa ikawa zamu ya mume, na hapo hapana kungoja. Mume akichelewa, kauli imekatika, ndoa hakuna.

Chumu alichuchumaa nyuma yake, mdomo sikioni. Alimwambia aseme gauni, asitaje aina. Alimwambia aombe mahari mengine. Alimwambia kwamba kazi yake bado iko pale, mezani, na kiti kimesogezwa vizuri. Alimwambia afikirie mama yake. Mbaruku alikuwa anamfikiria mama yake. Mama mwenyewe alikuwa amekaa pale pale pembeni ya ukuta upande wa wanawake, na Mbaruku alipogeuza jicho alimwona amejifunika uso kwa kanga, hatazami.

Inasemekana mtu yule hakuwahi kupaza sauti maishani. Hata darasani mwalimu alimtia alama ya mtoro kwa kutosikika.  

"Nimekubali kumwoa Sikudhani," alisema, na sauti ikamkatikia, akaitafuta, akaipata mahali pengine, chini zaidi. "Nimekubali kumwoa Sikudhani binti Hamadi kwa mahari ya gauni la mkaidi. Na nitalifuata mwenyewe Wizarani."

Vigelegele vilipigwa bila kibali.

Serikali ilitimiza ahadi yake, na mimi siwezi kuisema vibaya kwa hilo. Kabla jua halijazama Mbaruku alikuwa hana kazi na Sikudhani hana wodi. Mbaruku alikwenda Wizarani kama alivyosema, akaambiwa kwamba gauni lile hupewa mkaidi tu, na mkaidi hayupo. Akarudi. Akaenda tena. Bado anakwenda.

Wodini aliletwa mkunga mpole, daraja la kwanza, ambaye husimama mlangoni akanong'ona. Akina mama wa mji ule walimsikiliza siku chache, kisha mmoja akashika tumbo lake akatoka, akaifuata nyumba ya Mbaruku kwa miguu. Akafuata mwingine. Bwana arusi akahamia barazani na godoro lake, maana chumbani kulikuwa na wanawake wanaojifungua.

Habari ikamfikia Bwana Chumu kwamba kuna uzazi unaendelea bila hulka. Alikuja na askari wawili na amri ya kuuzuia. Alipanda barazani, akamruka Mbaruku aliyekuwa amelala, akaweka mkono kwenye mlango. Kwa ndani mwanamke aliguna kwa maumivu marefu. Kisha sauti ikasema, bila kutaja inasema na nani, kwamba aliyesimama mlangoni asisimame bure, ndoo iko uani, alete maji, na ayalete sasa hivi.

Bwana Chumu aliwatazama askari wake. Askari walitazama ndoo.

Maji aliyaleta. Nasikia alirudi kuyaongeza. Lakini hiyo ni nchi ya watu, na mambo yao. Kwetu, namshukuru Mungu, afisa hawezi kutumwa maji.